Zamu ya Usiku ya Mbuni Dume

Njia ya Seneto inateremka kwa kasi kutoka ukingoni hadi sakafu ya Kreta ya Ngorongoro, karibu mita 600 chini. Magari mengi yalikimbilia kwenye simba. Sisi tukabaki kwenye nyasi fupi za upande wa Ziwa Magadi, maana nilikuja kuwatazama ndege wanaoishi chini.

Tandawala mkubwa ndiye tuliyeanza naye. Ni miongoni mwa ndege wazito kuliko wote wanaoruka. Dume huweza kufika kilo 18. Alijaza hewa shingoni mpaka manyoya yakafumuka, akaukunja mkia mgongoni hadi weupe wa chini yake ukaonekana kutoka mbali, akanguruma kwa sauti nzito. Jike aliendelea kudonoa wadudu. Akishakubali na kupandwa, ataachiwa kazi yote: atataga juu ya ardhi tupu, mara nyingi mayai mawili, na kuyaatamia peke yake zaidi ya wiki tatu.

Mbuni ana mapatano mengine kabisa, na kwangu ndiye anayestahili safari nzima. Shingo na miguu ya dume ilikuwa imeiva wekundu wa msimu wa kuzaana. Alijishusha mbele ya jike, akatandaza mbawa nyeusi zenye ncha nyeupe, akawa anaziinua kwa zamu, kulia, kushoto, na shingo ikipinda pamoja nazo. Nilisahau hata darubini niliyokuwa nayo mkononi.

Mbele kidogo, jike mwingine alikuwa amelaza shingo ardhini, rangi yake ya vumbi ikimficha.

“Huyo yuko juu ya mayai, kaka,” dereva aliniambia. “Tusimsogelee. Akiinuka tu, bweha wameona.”

Si bweha peke yao. Miaka ya 1960, huku huku kaskazini mwa Tanzania, mtafiti wa wanyama Jane Goodall na mpiga picha Hugo van Lawick walimwona tai mdogo mweupe akirusha jiwe kwa mdomo mpaka yai la mbuni likapasuka.

Tulirudi pale jua likiteremka, tukasimama mbali, barabarani. Dume akaja, jike akainuka, na mayai yakaonekana: rundo katikati, mengine yametengwa pembeni. Majike kadhaa hutaga kiota kimoja, lakini anayeatamia ni jike mkuu pamoja na dume. Mayai yakizidi yale wanayoweza kuyafunika, kama 20 hivi, jike mkuu huyasukuma nje ya wenzake na kubakiza yake. Mtafiti Brian Bertram alilichunguza jambo hili Tsavo Magharibi, hifadhi ya Kenya, akaonyesha kwamba jike huyo huyatambua mayai aliyoyataga mwenyewe. Adui akija, ya pembeni ndiyo hutangulia kuliwa.

Dume akajishusha taratibu juu ya yale ya katikati. Weusi wake humfaa usiku, kama vumbi linavyomfaa jike mchana, na zamu hizo huendelea kwa takriban wiki sita. Sisi ilibidi tuwe tumetoka kretani kabla ya saa kumi na mbili, tukaondoka.