Kila mtu ananiambia kunywa hiki, kolestro haitaki kunywewa kitu

Mwaka jana nilipima damu kwa sababu nyingine kabisa, karatasi ikarudi na kimshale kimoja kimesimama wima kwenye LDL, ile wanayoita kolestro mbaya: 4.6 mmol/L. Kama mashine ya kwenu inasoma kwa mg/dL zidisha mara 38.67, yaani ilikuwa kama 178. Daktari akasema tujipe miezi mitatu ya kubadilisha msosi kabla hajafikiria vidonge, mi nikatoka pale kama mtu aliyesamehewa deni.

Sasa ukishasema tu una kolestro kila mtu anageuka tabibu. Kunywa ndimu na kitunguu saumu asubuhi, inaosha mishipa. Kunywa siki. Nikanywa wiki tatu hivi, nikaambulia kiungulia na harufu ya mdomo ambayo hata mwenyewe nilikuwa naikwepa. Mishipa haioshwi jamani, si bomba la sinki.

Kilichonifumbua macho ni kujua kwamba kolestro nyingi hailiwi, inatengenezwa na mwili wako wenyewe, ini likiwemo. Ini hilohilo linaitumia kutengeneza nyongo, nyongo inashuka kwenye utumbo kusaidia kusaga mafuta, halafu karibu yote inafyonzwa na kurudi ikatumike tena. Sasa ukila maharage, dengu, shayiri, matufaha, kuna nyuzinyuzi zinazoyeyuka zinakuwa kama gundi, zinainasa ile nyongo na kutoka nayo chooni. Ini linabaki limepungukiwa, inabidi livute LDL kwenye damu litengeneze nyingine. Ukitaka kuziona pika shayiri uiache ipoe, ule utelezi unaovutika kwenye kijiko ndo wenyewe, wataalamu wanauita betaglukani, na gramu 3 kwa siku zinatosha kuisogeza LDL.

Upande wa mafuta ndo nilikuwa nimelala kabisa, nakwepa mayai kama ukoma huku napaka siagi mkate pande zote mbili na ngozi ya kuku simwachii mtu. Kumbe kwa watu wengi kinachopandisha LDL zaidi ni mafuta yanayoganda kuliko kolestro ya kwenye yai, maana yanalifanya ini lizembee kuivuta LDL. Siagi, jibini, mafuta ya nyama, na ndiyo, mafuta ya nazi pia, najua chupa imeandikwa asilia lakini zaidi ya asilimia 80 ni mafuta ya aina hiyohiyo. Nikahamia alizeti na zeituni, na njugu kiganja kimoja badala ya biskuti. Badala ya, sio pamoja na, ukimwagia zeituni juu ya siagi hujafanya kitu.

Na kahawa, hii sikuitegemea. Ile ya kuchemsha bila kuchuja ina kitu kinaitwa kafestoli kinapandisha LDL, ukiichuja kwa karatasi kinabaki kwenye karatasi, kwa hiyo nikanunua karatasi tu maisha yakaendelea. Kutembea nilitembea, kilo nne zikaondoka, lakini sidhani ndo kulikofanya kazi kubwa kwenye LDL.

Miezi mitatu, 3.7.

Kuna jamaa akaniambia unaona, vya asili ndo mpango, vidonge ni sumu. Hapana bana. Statini, yaani vile vidonge vya kushusha kolestro, ya kwanza Mjapani Akira Endo aliipata mwaka 1973 kwenye ukungu, tena ndugu wa ule wa penisilini. Na zile kapsuli za mchele mwekundu wa hamira zinazouzwa kama tiba asilia zinaweza kuwa na kitu kilekile kilichomo kwenye kidonge cha lovastatini, mojawapo ya hizo statini, sema hujui umemeza kiasi gani na daktari wako hajui kama unameza.

Mdogo wangu alikula sufuria moja na mimi miezi yote mitatu, ya kwake haikushuka hata nusu ya yangu. Akapimwa vizuri ikaonekana ni ile ya kurithi, inampata kama mtu 1 kati ya 250, ini lenyewe linashindwa kuivuta LDL hata ule maharage ya shamba zima. Alinywea kidogo, kisha akaanza dawa. Siku hizi usiku tunapishana jikoni, yeye anatafuta maji ya kumezea, mi naloweka maharage ya kesho.