Udongo, chai ya rangi na damu yangu

Miezi miwili nilikuwa nasimamisha cherehani kila nikimaliza kushona mkono mmoja wa gauni. Miguu inachoka kama nimepanda mlima, moyo unadunda hadi nausikia masikioni, nikiinuka ghafla macho yanaingia giza. Nikasema ni mimba tu. Ilikuwa ya tatu, na mtoto wa pili alikuwa hajatimiza hata miaka miwili.

Udongo niliokuwa nautafuna sikuuhesabu kabisa. Ule wa vijiti, unaouzwa sokoni hapa Muheza. Naanza na kijiti kimoja asubuhi, jioni mfuko umekwisha. Mvua ikipiga vumbi, mate yananijaa mdomoni. Mama mkwe akaniambia, "Mwanangu, hata huyo mumeo nilimbeba kwa udongo." Bibi yangu ndiye hakufurahi. Alinitazama usoni akasema neno moja: safura, yaani upungufu wa damu.

Kliniki, wiki ya 22, nesi alinivuta kope la chini, akageuza viganja vyangu, akanituma maabara. Kipimo cha wingi wa damu kikasoma 7.6. Mjamzito anatakiwa awe na 11 kwenda juu. Ikishuka chini ya 7 ni hatari kubwa. Kuzaa kwenyewe kunamwaga damu, na anayeingia leba bila akiba anaweza kupotea kwa damu ambayo mwenzake angeihimili. Malaria walipima, sikuwa nayo.

"FEFO, vidonge vya kuongeza damu, unameza?"

Nameza, tena sijaruka hata siku moja.

"Na nini?"

Na chai. Chai ya rangi, nzito, pamoja na kitafunwa. Mchana baada ya wali, kikombe kingine.

Nesi aliweka kalamu chini. Akanieleza kwamba chai inayakamata madini ya chuma humo humo tumboni, mengi yanatoka bila mwili kuyapata. Udongo nao hivyo hivyo, na unaweza kubeba mayai ya minyoo. Lakini lililonigusa zaidi ni hili: hamu yenyewe ya udongo mara nyingi ni dalili. Mwili ukikosa chuma huanza kutamani visivyo chakula. Kumbe bibi aliona sawasawa. Nilikuwa naituliza njaa kwa kitu kinachoizidisha.

Alinipa dawa ya minyoo, akaniongezea dozi ya FEFO, na nikaanza kumeza kwa maji na chungwa. Hapa Muheza machungwa si tatizo, na uchachu wake husaidia chuma kuingia mwilini. Chai niliisogeza mbali na chakula, saa mbili nzima. Dagaa, maharage, matembele yaliyokamuliwa limau, nyama kidogo ikipatikana. Choo kilikuwa cheusi na kigumu, nikaogopa, nikaambiwa ni dawa, ninywe maji zaidi nisiache. Wengi wanaachia hapo, nami nawasihi wasiache. Majirani waliniletea rozela, mwingine soda ya kuchanganya na maziwa. Nilishukuru kwa upendo wao, lakini rangi nyekundu ya kinywaji haigeuki damu, na hakuna kati ya hivyo kinachoshika nafasi ya vidonge.

Wiki ya tatu hamu ya udongo iliondoka. Wiki ya 26 damu ilikuwa 8.9, wiki ya 34 ikafika 10.8. Nilijifungua salama, na vidonge niliendelea kuvimeza miezi mitatu mingine, maana damu ikipanda bado akiba ya mwili haijajaa.

Juzi nimemwona binti ninayemfundisha ushonaji akitafuna kitu nyuma ya kitambaa. Ana miaka kumi na saba, hana mimba. Sikumkaripia. Nilimshika mkono nikageuza kiganja: cheupe. Nikamuuliza hedhi yake inachukua siku ngapi, akanijibu kwa sauti ndogo, siku tisa, kila mwezi, na mama yake hajui.

Jumatatu tunakwenda kupima. Duka nitafunga, wenye nguo za harusi nimeshawapigia simu.