Nilivyosoma Marx, Durkheim na Weber nikiwa karani wa chai Rungwe

Kozi niliyosoma ni ya nadharia za awali za sosholojia, yaani elimu ya jamii, na inatolewa na Chuo Kikuu cha Amsterdam kupitia Coursera, tovuti ya masomo ya mtandaoni. Mwalimu wake ni Bart van Heerikhuizen, Mholanzi anayewaeleza wanafikra wa zamani kana kwamba ni majirani zake. Inaanza na Bernard Mandeville na Adam Smith, inapita kwa Auguste Comte, Alexis de Tocqueville, Karl Marx, Émile Durkheim na Max Weber, kisha inaishia kwa Norbert Elias. Nilipojiunga, kuifuata kulikuwa bure, cheti ndicho kilicholipiwa. Mimi ni karani wa kupima majani mabichi kwenye banda la chai huku Rungwe. Nilimaliza kidato cha sita, ada ya chuo ikakosekana, lakini hamu ya kusoma haikuisha.

Mambo ya intaneti nayapitia haraka. Mvua za huku zikianza, umeme na mtandao huwa wa kubahatisha. Kwa hiyo nilikuwa napakua video pamoja na maandishi yake usiku, bando linapokuwa nafuu, halafu nasikiliza mchana kabla foleni ya wakulima haijaanza. Simu ya kawaida inatosha kabisa, na daftari la karatasi ni la lazima.

Ugumu wenyewe ulikuwa kwenye nadharia. Mtu akikupa fasili ya mshikamano wa kijamii unaweza kuikariri leo, kesho ikapotea. Lililonifungulia kozi nzima ni swali moja ambalo nilianza kumwuliza kila mwanafikra: wewe unabishana na nani? Kwenye daftari, ukurasa wa kushoto niliandika hoja yake, wa kulia nikaandika hoja ya anayembishia. Tangu hapo hakuna aliyebaki kuwa jina tu.

Chukua Durkheim. Kitabu chake kuhusu mgawanyo wa kazi kilitoka 1893, na humo anabishana na Herbert Spencer wa Uingereza. Spencer aliona kwamba jamii ya viwanda inashikiliwa na mikataba, kila mtu akitafuta faida yake na kuelewana na mwenzake. Durkheim anajibu kwamba mkataba peke yake hausimami, maana chini yake kuna mambo ambayo wanaopatana hawakuyaweka wao. Nilisoma sehemu hiyo nikakumbuka wakulima wetu na vibarua wao. Asubuhi wanapatana kwa mdomo, kilo moja shilingi ngapi, basi. Hawasemi siku ya msiba itakuwaje, lakini msiba ukitokea kijijini hakuna anayekwenda kuchuma na hakuna anayelaumiwa. Hawasemi mwenye shamba akifariki nani atalipa, lakini familia yake inajua deni ni lao. Hayo yote yalikuwepo kabla ya mapatano ya asubuhi ile, na ndiyo yanayoyafanya yaaminike. Spencer angekaa bandani kwetu wiki moja, naamini angempa Durkheim haki yake.

Kwa Marx nilikaa muda mrefu kuliko kwa mwingine yeyote. Buku la kwanza la Kapitali, la 1867, lina sura fupi kuhusu ujira unaolipwa kwa kipande cha kazi. Watu wengi huiruka wakikimbilia thamani ya ziada, yaani ile anayozalisha mfanyakazi kupita ujira wake na kubaki kwa mwajiri. Mimi nawasihi wenzangu wa kwenye chai waisome hiyo kwanza. Marx anasema ujira wa namna hii ni ule ule ujira wa muda uliovaa nguo nyingine, na kwamba ndio unaoufaa ubepari kuliko aina zote. Mfanyakazi anajisukuma mwenyewe, kwa hiyo msimamizi hana kazi kubwa, na kazi mbaya inakatwa kwenye malipo.

Nilisoma hayo, kesho yake nikasimama kwenye mizani. Mama mmoja akatundika mzigo wake, majani yamelowa mvua. Nikasoma uzito, nikaondoa wa chombo, nikaondoa wa maji, nikafungua kuangalia kama ni majani mawili na chipukizi. Palikuwa na vijiti, nikamwambia avichambue.

"Karani, mgongo wangu unajua kilo zangu," akasema, akaanza kuvitoa kimoja kimoja.

Shambani hakuna aliyekuwa amemsimamia tangu alfajiri. Kilichomsimamia ni mizani, na mizani ile naishika mimi. Hakuna mhadhara ulionifundisha sura ile kama dakika zile. Hata hivyo, yule mama ana shamba lake, msimu mwingine yeye ndiye anayeita vibarua. Marx alikuwa na viwanda vya Uingereza mbele yake, ambako mfanyakazi hana chochote ila nguvu zake. Huku mtu mmoja huwa mwajiri Jumatatu na kibarua Alhamisi, na naona hilo linataka kufikiriwa upya, si kulazimishwa liingie kwenye kitabu.

Weber ndiye aliyenigusa nyumbani. Maandiko yake kuhusu maadili ya Kiprotestanti na roho ya ubepari yalitoka 1904 na 1905, akiwabishia wanaodai kuwa dini ni kivuli tu cha uchumi. Ndani yake, bila kutarajia, nikamkuta Zinzendorf na ndugu aliowaongoza huko Herrnhut, Ujerumani, yaani Wamoraviani! Wamisionari wao walifika Rungwe mwaka 1891, na mimi nimelelewa katika kanisa hilo. Weber anasema Ukalvini, yaani Uprotestanti wa wafuasi wa John Calvin, ulimfaa zaidi mfanyabiashara mwenye kujituma, ilhali uchaji wa akina Zinzendorf ulijenga sifa za mtumishi mwaminifu, kibarua, karani. Karani! Nilirudia ukurasa huo mara nyingi.

Nikampelekea mzee mmoja wa kanisa hoja hiyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, sisi misheni ilitufundisha useremala, kujenga na kulima. Hao nao ni makarani?" Nilirudi kwenye kitabu. Weber mwenyewe anakiri kwamba Herrnhut ilikuwa kituo cha umisheni na papo hapo shirika la biashara. Kwa hiyo mzee ana hoja, na bado tunaijadili kila tukikutana.

Comte na Tocqueville sikuwakalia sana, ingawa safari ya Tocqueville ya Marekani mwaka 1831 inapendeza kusoma. Elias ni wa kusoma taratibu. Kilichonivuta kwake ni kwamba kuanzia 1962 hadi 1964 alifundisha Chuo Kikuu cha Ghana, Legon.

Hapo ndipo ninapokuwa na neno na kozi hii. W. E. B. Du Bois, mwanasosholojia Mweusi wa Marekani, alistahili wiki nzima. Utafiti wake juu ya Weusi wa Philadelphia ulitoka 1899, baada ya yeye kupita nyumba kwa nyumba akihoji watu, na 1906 jarida ambalo Weber alikuwa mmoja wa wahariri wake lilichapisha makala yake. Aliishi miaka yake ya mwisho Ghana, akafariki Accra mwaka 1963, wakati Elias yuko huko huko akifundisha. Mtu anayesoma nadharia hizi akiwa Afrika asimwache.

Sasa namsoma yeye, na nimeanza kufuata njia yake kwa kiasi changu. Nyuma ya daftari la kozi nimechora jedwali: nani anachuma, anamchumia nani, wamepatanaje, na msimu uliopita yeye alikuwa upande gani. Wenye kukubali kuhojiwa nawahoji baada ya gari la kiwanda kuondoka na majani, tukiwa tumekaa kwenye benchi la bandani.