Kaseti za lelemama kwanza, madaftari baadaye

Vyama vingi vya lelemama, ngoma ya wanawake wa pwani, huenda vina sanduku lenye madaftari ya michango, picha za sare na kaseti. Anza na kaseti. Daftari likikaa pakavu husubiri, mkanda haungoji.

Vunja vile vijipande viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti, mtu asije akarekodi juu yake. Ukiona ungaunga mweupe kwenye mkanda, huenda ni kuvu: usiicheze kaseti hiyo, itachafua kichwa cha redio na kuhamia kaseti nyingine. Iliyo safi ipeleke mbele hadi mwisho, irudishe, ndipo uicheze na kuirekodi kwenye kompyuta, kwa sababu mkanda uliolala miaka hushikana. Kichwa kisafishe kwa pamba na spiriti kila upande ukiisha. Kaseti ya C60 ina dakika 30 kila upande, na njia ya mkato hakuna. Hifadhi kwa WAV, faili ya sauti isiyobanwa. MP3, iliyobanwa, ni ya kugawia watu tu.

Picha ziandikwe nyuma kwa penseli laini, pembeni. Wino ukipata unyevu hupenya hadi mbele. Ukizituma kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti, la sivyo hubanwa zikapoteza ubora.

Na nani aliimba, harusini kwa nani? Hayo hayamo kwenye mkanda. Msikilizishe bibi aliyekuwepo, urekodi maelezo yake kwa simu wimbo ukilia. Muulize pia mafumbo yapi yalimlenga mtu, na kama yanaruhusiwa kutoka nje ya chama. Waliolengwa na mengine, au wajukuu zao, huenda bado wapo mtaani.