Mbwa Anamlilia Nani?

Usiku wa kuamkia jana, hapa Mikindani, mbwa wa jirani aliinua pua juu akatoa sauti ndefu, nyembamba, iliyopanda na kushuka karibu nusu saa. Mwanangu alijisogeza ubavuni mwangu akauliza, "Mama, kwa nini anabweka hivyo?" Nikamwambia kwamba habweki, analia. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Anamlilia nani?"

Sikuwa na jibu, ila ile l ya pili iliyojitokeza kinywani mwake ilinikumbusha marehemu bibi yangu, Myao wa Masasi, ambaye hakusema "mtoto analia" bali "mtoto analila", nasi wajukuu tukimcheka na kumsahihisha kana kwamba Kiswahili tulikizaa sisi. Kumbe kwa Kiyao ni kulila, na lugha nyingi za Kibantu zimeihifadhi l hiyo, au r mahali pake. Aliyeiangusha ni Mswahili, kama alivyofanya katika njaa na mvua, ambazo kwa Kinyanja hadi leo ni njala na mvula. Hata hivyo, haikupotea kabisa: tukinyambua kitenzi, inarudi yenyewe, ndiyo maana tunasema kaa lakini kalia, vaa lakini valia, lia lakini lilia. Bibi hakukosea, alikuwa na umbo kongwe kuliko letu.

Kitenzi hicho kimoja tumekibebesha mengi, kwani mtoto hulia, fisi hulia, kengele hulia, na simu nayo hulia. Tunatofautisha tunapofika kwenye nomino. Mlio ni sauti tu, iwe ya ndege au ya honi, lakini kilio kina machozi ndani yake, na kwetu kimepanuka hata kikawa jina la msiba wenyewe, mtu akaaga kwamba anakwenda kilioni hata kama huko atakaa jamvini kimya mpaka maziko. Wahenga nao walisema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. (Yowe ni jambo jingine, hilo hupigwa hata kwa mwizi.)

Asubuhi nilimweleza mwanangu haya yote wakati akinywa uji, naye akauliza kama ule wa mbwa ulikuwa mlio au kilio. Nikasema mlio. Akatikisa kichwa, akaniambia kwamba kama ungekuwa mlio tu, nisingeamka kwenda kufunga dirisha.