Joto la gari letu la mbio nililitibia nyuma

Gari letu la Formula lina kiti kimoja na injini ya pikipiki ya cc 600. Awali, ukilikimbiza kidogo tu, geji ya joto la maji ilifika digrii 110. Wenzangu wakataka rejeta kubwa zaidi. Nikakataa: rejeta kubwa ni uzito, tena ni ukuta mwingine wa kukinga upepo.

Rejeta hukaa ubavuni, ndani ya kijumba chenye mdomo mdogo unaotanuka kuelekea ndani. Hewa ikishaingia kwenye nafasi pana hupunguza mwendo na shinikizo lake hupanda, ndipo ikapenya vizuri kati ya mapezi, yaani vibati vyembamba vya rejeta. Hiyo ni nadharia. Nilitaka kuona hewa yetu inapita wapi hasa.

Nikabandika vipande vya uzi wa sufi kuzunguka mdomo wa kijumba, rafiki akatufuata ubavuni kwa pikipiki akirekodi kwa simu. Nyuzi zilikuwa zinapapatika na kugeukia nje. Yaani hewa inabisha hodi, inakosa nafasi, inaondoka. Kisha nikachanganya mafuta ya taa na unga wa rangi nyekundu ya sakafu, nikapaka ndani. Timu za Formula 1 nazo hupaka rangi ya namna hii wakati wa majaribio. Michirizi iliyokauka ilielekea kwenye upenyo kati ya rejeta na bodi. Kwenye mapezi yenyewe, kidogo sana.

Mzee mmoja fundi wa rejeta kule Changamwe akainama, akachungulia, akacheka.

"Mwanangu, mlango wa kuingilia nauona. Wa kutokea u wapi?"

"Ule pale nyuma, mzee."

"Ule? Ule ni tundu la panya."

Basi mdomo wa mbele sikuugusa. Nikaziba penyo zote kwa sponji ya godoro na bati jepesi la alumini, nikakata tundu pana la kutokea juu ya bodi, pale inapojipinda na shinikizo la hewa kushuka, ili hewa moto ivutwe nje. Ubunifu wa kupoza una mipaka yake, hata kwa wakubwa: mwaka 1978 timu ya Formula 1 ya Brabham walitaka kuacha rejeta za kawaida kwenye gari lao la BT46 na kutumia vibamba bapa juu ya bodi. Havikutosha, wakarudi kwenye rejeta.

Kupima ndiko kulikonitoa jasho. Tulitumia yadi ya lami huko Miritini, asubuhi mapema kabla kaskazi haijashika kasi, na kila mara tulikwenda na kurudi, maana upepo wa mbele ungetudanganya kuwa gari limepoa. Pia sikulinganisha joto la maji peke yake. Rejeta hutegemea tofauti kati ya maji na hewa, kwa hiyo nilitoa joto la hewa kwanza. Awali maji 110, hewa 32: tofauti 78. Baadaye maji 95, hewa 33: tofauti 62. Rejeta ni ileile.

Gari likisimama kusubiri zamu, bado linapanda, kwa kuwa hakuna mwendo wa kusukuma hewa. Feni tumeifunga nyuma ya rejeta, inawaka maji yakifika 98. Sasa wenzangu wamehamia kwenye bawa la nyuma, na ubishi umeanza upya.