Si Ndugu Yangu, Lakini Malalamiko Niliyapeleka Mimi

Kila mlango niliobisha niliulizwa swali lilelile: "Mama, wewe ni nani yake?" Mwenyekiti wa LC (baraza la mtaa) aliuliza, afande wa kaunta akauliza, hata wenzangu wa sokoni nao. Kijana mwenyewe ni mkimbizi kutoka Kongo. Hupakua mizigo hapa Arua, Uganda, na jioni hunipigia pasi nguo ninazoshona. Undugu wa damu hatuna. Mama yake yuko kambini na hata nauli ya kuja mjini hana.

Alikamatwa kwa tuhuma za simu iliyoibwa, akawekwa mahabusu katika kituo kimoja ambacho sitakitaja. Ibara ya 23 ya Katiba ya 1995 inataka mshukiwa asiyeachiwa afikishwe mahakamani mapema, kabla saa 48 hazijaisha. Zikaisha, wikiendi nayo ikaisha, kijana bado yumo ndani. Ukutani pale kaunta wamebandika tangazo kwamba dhamana ya polisi ni bure. Nikiwa nimesimama chini ya tangazo hilohilo nikaambiwa nitoe "pesa ya karatasi". Kumwona pia nikakataliwa, eti si wa ukoo wake. Na hapo afande alikuwa na pa kushika, kwa sababu ibara hiyohiyo inawataja ndugu wa karibu, wakili na daktari wa mtu kuwa ndio wa kuruhusiwa kumwona. Fundi cherehani hayumo.

Dada mmoja msaidizi wa sheria ndiye aliyeniambia niache kubishana kaunta. Kumtembelea mahabusu ni jambo moja, akasema, kumlalamikia aliyemweka ndani ni jambo jingine. Nenda Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda, wana ofisi hapahapa Arua.

Kabla ya kwenda nilikaa na daftari langu la vipimo vya wateja, nikaandika nyuma yake: jina la kijana, mahali alipokamatwa, nani walimwona akichukuliwa na namba zao za simu. Saa ya kukamatwa niliipata kwa muuza mitumba wa jirani. Alikumbuka kwamba redio yake ilikuwa inaanza taarifa ya habari ya saa saba. Kajambo kadogo, lakini saa 48 huwezi kuzihesabu kama hujui zilianza lini.

Ofisini nilizungumza Kiswahili changu hiki cha Arua chenye Kinubi ndani yake, na afisa akanielewa vizuri. Alitaka kujua tarehe, nani waliomkamata, kama kesi imeshafika mahakamani, na kama kijana anajua nimekuja. Undugu hakuuliza. Nilipojitetea mwenyewe kwamba si mwanangu, alicheka, akanionyesha ibara ya 52: Tume huchunguza malalamiko ya mtu yeyote au kikundi cha watu. Hapakuandikwa raia wala mzazi. Hata mahakamani, ibara ya 50 inamruhusu mtu au shirika kushtaki kwa niaba ya mwingine aliyevunjiwa haki. Sikutozwa hata shilingi.

Si kila kitu wanakipokea, lakini. Jambo ambalo tayari liko mbele ya mahakama hawaligusi, na ndiyo maana lile swali la kesi lilikuja mapema. Uhusiano wa serikali yetu na nchi za nje si kazi yao, wala msamaha wa rais. Na malalamiko yasipite miaka 5 tangu jambo litokee. Kwenye benchi nilikaa na msichana aliyekuja kumshtaki baba wa mtoto wake asiyetoa matumizi. Nilidhani Tume ni ya polisi na wanajeshi tu. Kumbe hata hayo wanayashughulikia, na mara nyingi hupatanisha kwanza.

Afisa alipiga simu kituoni nikiwa bado nimeketi. Sikusikia upande wa pili ulisema nini, ila kijana alitoka kwa dhamana, na ile pesa ya karatasi hakuna aliyeikumbuka tena. Faili la fidia bado liko Tume. Katiba inampa haki ya kulipwa aliyewekwa ndani kinyume cha sheria, ila huo ni mwendo mrefu na nimemwambia asianze kukopa kwa kuitegemea. Kufuatilia sasa anaenda mwenyewe.

Juzi jirani alinijia kuhusu kituo cha afya kinachowauzia wagonjwa dawa za serikali. Yeye mwenyewe hajauziwa, ila ameona kwa macho yake. Huyo nimemwelekeza kwa IGG, yaani Inspekta Mkuu wa Serikali anayechunguza rushwa, kwa sababu ibara ya 225 inasema mwananchi yeyote anaweza kulalamika huko, awe ameumizwa yeye au hakuumizwa. Nimempa karatasi, aanze na tarehe.